Karatasi ya baba ilikwisha muda tukiwa Kakuma

NILIPORUDI Juba mwaka 2007 nilikuwa na begi moja, cheti cha ualimu na karatasi ya marehemu baba, ambayo mama aliifunga kwenye nailoni akaitunza kambini Kakuma miaka yote. Ilikuwa ya kiwanja cha daraja la tatu, alichopewa baada ya Mkataba wa Addis Ababa wa 1972. Nilipofika nilikuta familia nyingine imeanika nguo uani.

Karani mmoja aliisoma, akaweka kidole penye tarehe. "Mwalimu, hii imekwisha muda."

Sisi tulidhani baba alimiliki ardhi. Kumbe alikodishiwa na serikali.

Utaratibu huu ni wa Waingereza. Walijenga Juba mwishoni mwa miaka ya 1920 ichukue nafasi ya Mongalla. Wafanyabiashara Wagiriki walipata maduka katikati ya mji, Wabari wenyeji wakasogezwa pembeni. Viwanja vikapangwa kwa madaraja. La kwanza lilikuwa na eneo kubwa, nyumba ya matofali au mawe, na mkataba mrefu. Kadiri ulivyoshuka, kiwanja kilipungua na miaka nayo. Wa chini kabisa, mwenye nyumba ya udongo na nyasi, alikaa kwa kibali cha muda mfupi. Kenya, sheria ya 1915 iliwaruhusu walowezi kukodishiwa ardhi miaka 999. Nilisoma hayo darasani Kakuma nikayakariri kwa ajili ya mtihani tu.

Sheria ya Ardhi ya 2009 ilisema ardhi ni ya wananchi, ikaitambua na ardhi ya jamii. Lakini mjini bado ukodishaji ndio mtindo, na mgeni hawezi kumiliki, hukodi tu. Ndugu zangu wa Konyo Konyo na mnaovuka Nimule, mnakodi kwa mwenye kiwanja miaka kumi, mnajenga stoo kwa fedha zenu. Je, yeye mwenyewe amebakiza miaka mingapi? Wengi huuliza kodi tu, wakaishia hapo.

Sisi tulikaa na ile familia mbele ya wazee. Nao walikuwa wamekimbia vita vijijini. Tuliwalipa gharama ya vyumba walivyojenga, kisha nikafuatilia faili kwa miaka mitano.

Hati mpya ilipotoka nilimpelekea mama. Hakuigusa.

"Inaisha lini?" aliniuliza.