Dumuzi: Kumtambua Mharibifu Kabla ya Unga Kumwagika

Mkulima wa Kasulu anayeshika hindi lililokauka na kuona unga ukidondoka viganjani mwake huwa amekwisha kuchelewa. Mdudu aliyeutoa unga huo, dumuzi, amekuwamo ghalani kwa majuma mengi. Urefu wake ni milimita 3 hadi 4 na nusu tu. Kichwa chake kimeinamia chini ya kifua, hata akitazamwa kwa juu hakionekani, na ncha ya nyuma ya mwili wake ni kama iliyokatwa kwa kisu. Kwa alama hizo hutofautishwa na fukusi wa kawaida, mwenye mdomo mrefu kama mkonga.

Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Katika Afrika alitambuliwa kwanza Tabora, mwaka 1981. Uchunguzi wa huko ulionyesha kwamba takriban theluthi moja ya uzito wa mahindi yaliyohifadhiwa huweza kupotea katika miezi 3 hadi 6. Muhogo mkavu huharibika zaidi. Mwaka 1983 alionekana Taveta, Kenya, na mwaka 1984 Burundi. Dumuzi huruka, lakini masafa marefu huyasafiri ndani ya magunia, juu ya malori na mabehewa. Kibondo na Kasulu zipo kati ya Tabora na Burundi, na wenyeji wake hula mahindi na makopa.

Ili kubashiri mahali atakapostawi, wataalamu hulinganisha hali ya hewa ya kwao na ya ugenini. Dumuzi hukua upesi zaidi katika joto la nyuzi 32 za Sentigredi na unyevu wa hewa wa asilimia 80. Ubaridi wa nyanda za juu humchelewesha, haumzuii. Isitoshe, huvumilia nafaka kavu mno ambayo fukusi hushindwa kuzaliana ndani yake. Kwa hiyo ramani ya hewa peke yake haitoshi: sharti iwekwe pamoja na ramani ya masoko na barabara.

Njia ya kumgundua mapema imetokana na tabia yake mwenyewe. Dume akipata chakula hutoa harufu, yaani feromoni, inayowaita majike na madume wenzake. Wanakemia wamefaulu kuitengeneza, nayo hutiwa katika mitego inayotundikwa mbali na maghala. Ikiwekwa karibu, itawakaribisha wageni mezani! Mitego hiyo imefichua jambo zito: dumuzi hunaswa hata porini, kwa kuwa huishi pia katika miti mikavu. Kusafisha maghala yote ya wilaya hakungemmaliza. Harufu hiyohiyo humvuta adui yake, mbawakawa Teretrius nigrescens, aliyeletwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992 ili amwinde.

Shule isiyo na mtego inaweza kuchekecha mahindi ya ghala lake kila juma. Mdudu anayetiliwa shaka atiwe katika kichupa cha spiriti, apelekwe kwa bwana shamba, na kichupa kibandikwe karatasi yenye tarehe na jina la kijiji yalikotoka mahindi. Bila jina la kijiji, mdudu huyo hana pa kuwekwa katika ramani.