Jumapili Nyumbani, Kanuni za Mgodi Zisipumzike



Mwezi wa sita na wa saba ndiyo baridi yetu huku Katanga. Inchi yetu iko juu: Lubumbashi iko karibu mita 1200 juu ya bahari, na Kolwezi inapita mita 1400. Mchana jua linawaka, lakini usiku watoto wanatetemeka chini ya blanketi. Na kwa sababu mvua hainyeshi, wakati huo ndio wengi wetu tunashika kazi ya kutengeneza nyumba. Mmoja anaongeza chumba nyuma ya nyumba. Mwingine anaziba matundu ya ukuta ili baridi isiingie. Wa tatu anavuta waya mpya kwa ajili ya resho au radiateri.

Kazi hiyo ni nzuri. Mwanaume anayetengeneza nyumba yake kwa mikono yake anastahili sifa. Lakini tumwangalie vizuri huyo fundi wa Jumapili. Kazini, siku ya Ijumaa, hawezi kugusa kabo ya umeme kabla haijakatwa na kufungwa kufuli. Siku ya Jumapili anapanda juu ya kiti, kisu mkononi, anamenya waya wenye moto. Kazini, baruti ikisha kupasuka, hawezi kuingia mahali pale kabla upepo wa ventilateri haujaondoa gesi. Jumapili usiku analala na bibi na watoto karibu na mbabula, dirisha limefungwa.

Umeme wa nyumbani unaua kama ule wa kazini. Gesi ya mbabula ni ndugu ya gesi ya baruti. Tofauti ni moja tu: nyumbani hakuna shefu wa kusema «Simama!»

Kata, funga, pima

Nyumbani tunatumia umeme wa volti 220. Wengine wanasema: «Huo ni mdogo, unapiga tu kidogo.» Tufanye hesabu. Ampule ya wati 60 inavuta karibu ampere 0,27. Lakini ampere 0,03 tu zikipita katika kifua cha mtu zinaweza kumzuia kupumua, na zikidumu zinaweza kuvuruga moyo. Maana yake, umeme wa ampule moja ndogo unapita mara nane ule unaotosha kumtia mtu katika hatari ya kufa. Na kama mikono ina maji, au miguu iko wazi juu ya simenti yenye unyevu, unapita kwa urahisi zaidi.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa waya wo wote, fanya kama kazini:

1. Kata umeme wa nyumba yote kwenye disjonkteri kubwa, karibu na kontere. Usizime enterupteri ya ampule tu. Pengine waya mmoja unabaki na moto.

2. Funga kisanduku kwa kufuli na weka ufunguo mfukoni mwako. Kama hakina kufuli, toa fizibu zote na uziweke mfukoni. Waambie watu wote wa nyumba, hata watoto: «Asiguse mtu hapa, baba anafanya kazi.»

3. Pima mahali utakapofanya kazi. Chukua ampule ya kupimia, ijaribu kwanza mahali penye moto ili ujue kwamba ni nzima, kisha ijaribu kwenye waya zako. Isipowaka, ndipo uanze.

Delestaji si kufuli

Tuchukue mfano. Umeme unakatika kartie nzima. Mama anaita: «Baba watoto, umeme umekwenda. Si ndiyo nafasi ya kufunga ile prizi ya jikoni?» Baba anachukua turnevisi na kuanza. Baada ya dakika kumi, umeme unarudi bila kubisha hodi, na baba ameshika waya mbili.

Delestaji ni umeme uliokatwa na mtu mwingine, na ni yeye atakayeurudisha, saa anayotaka yeye. Wewe hukukata kitu. Hata kama kartie yote iko gizani, kata kwanza disjonkteri yako.

Na ninyi mama, umeme ukiisha wakati mnapiga pasi au mnapika bukari kwenye resho, zimeni na mtoe kwenye prizi papo hapo. Nyumba nyingi zinaungua hivi: umeme unarudi wakati mama yuko sokoni, na pasi iko juu ya nguo.

Mwenye grupu ya kutoa umeme asiitie ndani ya nyumba wala chini ya dirisha, maana moshi wake una gesi ile ile tutakayoisema hapa chini. Wala asiiunganishe kwa kuchomeka waya kwenye prizi ya ukuta. Umeme wake utatoka hadi kwenye waya za barabarani, na utamkuta mfanyakazi wa SNEL juu ya nguzo, yeye akidhani laini haina moto.

Waya wa zamani, mzigo mpya

Nyumba nyingi za kambi zilijengwa wakati wa Union Minière, kabla ya mwaka 1967. Waya zake ziliwekwa kwa ajili ya ampule chache na labda redio. Leo tunaziongezea friji, televizyo, resho na radiateri.

Mfanyakazi anaweza kupima mzigo huo mwenyewe. Soma wati zilizoandikwa chini ya chombo, ugawanye kwa 220. Utapata ampere. Resho ya wati 1500 inavuta karibu ampere 7. Radiateri ya wati 2000 inavuta karibu ampere 9. Zote mbili pamoja ni ampere 16. Waya mwembamba wa ampule, wa milimita mraba 1,5, kwa desturi unalindwa na fizibu ya ampere 10. Waya wa prizi ni wa milimita mraba 2,5, na fizibu yake ni ya ampere 16. Tena ujue: umeme ukiongezeka mara mbili ndani ya waya, joto halizidi mara mbili tu, linazidi mara nne.

Fizibu ikiungua, inasema: «Mzigo umezidi.» Lakini fundi wa Jumapili anakasirika. Anakata kipande cha waya mnene wa shaba, anakifunga mahali pa fizibu, naye anafurahi: «Sasa haitaungua tena!» Ni kweli, haitaungua. Itakayoungua ni nyumba. Ile shaba tunayoichimba ni njia nzuri ya umeme, lakini haiwezi kuwa mlinzi. Fizibu iliyoungua ibadilishwe na nyingine ya ampere zile zile, baada ya kutoa mzigo uliozidi.

Ralonji moja isibebe resho na radiateri. Isipite chini ya mkeka wala chini ya mlango. Ukiigusa na ikawa moto, itoe. Waya wa rangi ya kijani na manjano ni wa terre. Usiukate na usiutumie kwa kazi nyingine, maana ndio unaopeleka umeme ardhini bwati la friji likishika moto.

Kubadilisha ampule, kamba ya pasi au prizi iliyovunjika, mtu makini anaweza kufanya. Kuvuta laini mpya, kugusa kontere, kuweka umeme katika chumba cha kuogea: ita fundi wa umeme aliyesomea kazi hiyo. Mwombe pia akuwekee disjonkteri diferensieli ya ampere 0,03. Inakata yenyewe mara umeme unapopotea njia.

Mbabula haina moshi, lakini ina kifo

Tuje kwenye joto. Kila familia inajua kwamba moshi wa makala mabichi ni mbaya. Kwa hiyo tunangoja nje mpaka makala yawe mekundu na moshi uishe, ndipo tunaingiza mbabula chumbani. Tunadhani hatari imekwisha. Kumbe ile mbaya zaidi haionekani.

Makala yanayowaka yanatoa gesi inayoitwa monoksidi ya karboni. Haina rangi, haina harufu, haikohoshi. Inashika damu kwa nguvu inayopita ile ya hewa safi zaidi ya mara 200, na damu inakosa nafasi ya kubeba hewa. Uzito wake ni karibu sawa na wa hewa, kwa hiyo inaenea chumba chote. Kulala chini au juu ya kitanda hakukuokoi. Hata makala yaliyofunikwa na majivu yanaendelea kuitoa.

Sasa mfikirie yule aliyeziba matundu ya juu ya ukuta kwa simenti. Yale matundu hayakuachwa na fundi kwa uvivu. Ndiyo ventilateri ya nyumba yako. Ukitaka kuzuia baridi, tengeneza mlango usioshika vizuri, weka kioo kilichovunjika, weka plafo chini ya mabati. Matundu ya juu yaache.

Usingizi wa joto unatafutwa hivi: pika nje au barazani, na usiingize mbabula katika chumba cha kulala. Chemsha maji, tia katika chupa yenye kifuniko kizuri, ifunge kwa kitambaa, iweke miguuni mwa watoto. Walale pamoja, wavae soksi. Tandika blanketi moja chini na nyingine juu. Mwenye radiateri aitie kwenye prizi yake peke yake, mbali na pazia na kitanda, naye aizime kabla ya kulala.

Ajali ikitokea

Dalili za gesi ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, miguu kulegea. Watu wanasema: «Ni malaria.» Lakini malaria haiwashiki watu wote wa nyumba saa moja. Wote wakiumwa kichwa pamoja, na kuna moto ndani, fungua milango, toka nje wote, kisha peleka wagonjwa dispensari. Maziwa hayaondoi gesi hiyo. Dawa yake ni hewa safi, na oksijeni ya hospitali.

Mtu akishikwa na umeme, usimguse. Kata disjonkteri. Kama huwezi kuifikia haraka, simama juu ya ubao mkavu na umsukume kwa mti mkavu. Kama hapumui, yule aliyejifunza msaada wa kwanza kazini aanze mara moja, na mwingine akimbie kutafuta gari.

Ndugu mfanyakazi, ukirudi nyumbani unavua kofia ya mgodi na viatu, lakini akili ya usalama usiivue. Leo jioni, kabla ya kula, fanya mambo matatu: angalia fizibu zako, shika ralonji kwa mkono, tazama kama matundu ya chumba cha watoto yako wazi. Kazi hiyo haizidi dakika kumi.