Krismasi Baharini na Watoto: Mambo ya Kutengeneza Kabla ya Safari



Kila mwaka, mvua za vuli zikikaribia kwisha, huja ofisi ya tawi mtu mmoja au wawili kuuliza habari za Mombasa. Zamani swali hilo lilikuwa la kuchekwa. Siku hizi jamaa wa kambi za miwa na wa viwanda vya Jinja wanachanga akiba, wanakodi basi, na wanakwenda kuiona bahari pamoja na wake zao na watoto. Mimi nimekwenda nao mara tatu, na mara moja nilikaribia kurudi na msiba. Kwa hiyo nitaeleza mambo ambayo mtu wa bara hapana budi ayajue, hasa mwenye watoto wa chini ya miaka 10.

Kwanza likizo. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi siku 7 za likizo yenye malipo kwa kila miezi 4 ya kazi mfululizo, yaani siku 21 kwa mwaka. Sikukuu za serikali zinatajwa kando. Tena sheria hiyo inasema kwamba mapatano yo yote ya kuiacha likizo hiyo, hata kwa kulipwa fedha, ni batili. (Haki hii haikuanguka kutoka mbinguni. Mkataba wa kwanza wa Shirika la Kazi Duniani juu ya likizo yenye malipo ni wa mwaka 1936, nao uliweka siku 6 za kazi tu kwa mwaka. Wafanyakazi wa mashamba walingoja mkataba wao mpaka mwaka 1952.)

Lakini siku gani utoke ni jambo la kupatana na mwajiri, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Kazi ya sukari haisimami kwa ajili ya Krismasi, wala mnyapara hawezi kuwaruhusu watu wote wa zamu moja. Anayeomba mwezi wa Desemba hukuta orodha imejaa. Andika barua mwezi wa Agosti au Septemba, taja tarehe ya kutoka na tarehe ya kurudi, na nakala mpe mwakilishi wako. Ruhusa ya mdomo si ruhusa. Nimeona mtu amerudi kutoka pwani akaambiwa alitoroka kazini, na hakuwa na karatasi hata moja ya kutuonyesha ili tumtetee. Uombe siku zisizopungua 10, kwani kwenda na watoto ni siku 2 na kurudi ni siku 2, nao wakifika wamechoka.

Habari ya mpaka nitaipita upesi. Tangu mwaka 2014 mtu mzima wa Uganda anaweza kuingia Kenya kwa kitambulisho cha taifa. Mtoto hana kadi hiyo, maana hutolewa kwa mwenye miaka 16 na zaidi. Basi nenda ofisi ya uhamiaji miezi miwili kabla, na cheti cha kuzaliwa mkononi, uulize hati ya mtoto. Chukua pia kadi za chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo huhesabiwa kuwa inafanya kazi baada ya siku 10, kwa hiyo usichome sindano usiku wa kuamkia safari.

Kutoka Jinja hadi Nairobi ni basi la usiku mzima. Msiunganishe moja kwa moja. Laleni Nairobi, watoto waoge na kula chakula cha moto. Kutoka hapo kuna gari moshi la reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017, linalofika Mombasa kwa muda wa saa 5 au 6, na mtoto anaweza kusimama na kwenda chooni. Nauli ya daraja la chini ilipandishwa tarehe 1 Januari 2024 kutoka shilingi 1,000 za Kenya hadi 1,500. Tiketi za wiki ya Krismasi huisha mapema sana. Wa basi nao hupandisha nauli wiki hiyo, na hakuna wa kumshitaki.

Sasa tuje kwenye bahari yenyewe.

Maji ya Ziwa Viktoria unayoyaacha asubuhi utayakuta jioni pale pale. Bahari sivyo. Kila siku inajaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kati ya kujaa na kupwa ni saa 6 na dakika chache. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu na siku mbili tatu zinazofuata, maji ya Mombasa hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Huo ni urefu unaopita mlango wa nyumba. Mwezi ukiwa nusu, watu wa pwani husema ni maji mafu, nayo husogea kwa kadiri ndogo.

Mimi sikuyajua hayo. Tarehe 24 Desemba 2018, siku mbili baada ya mwezi mpevu, tulifika pwani ya Bamburi saa 4 asubuhi. Bahari ilikuwa imekwenda mbali, mchanga mtupu, na katikati fungu la mchanga mweupe kama unga. Watoto wanne, wawili wangu na wawili wa mwenzangu wa karakana, walivuka kwa miguu, maji hayafiki hata kwenye vifundo. Tukakaa kivulini tukiwatazama. Tuliona maji yako mbele yao, mbali, tukaridhika. Ilipopita saa 8 mchana, mvuvi mzee aliyekuwa akishona wavu alitugeukia akauliza, "Baba, wale watoto ni wenu? Maji yanajaa." Tukatazama tena. Maji hayakuja kwa mbele. Yalikuwa yamezunguka kwa nyuma, kati ya fungu na sisi, na pale palipokuwa pakavu maji yalinifika mapajani na yanakwenda mbio. Tulivuka, kila mmoja akabeba watoto wawili. Wa mwisho kushuka begani mwangu alikuwa na miaka 4. Baada ya nusu saa fungu lenyewe halikuonekana.

Yule mzee alitufundisha hesabu, nami naitoa hapa. Siku ya mwezi mpevu au mwandamo, maji ya Mombasa huwa yamepwa kabisa karibu saa 4 asubuhi, na yamejaa karibu saa 10 jioni. Kila siku inayofuata ongeza kama dakika 50. Mwezi ukifika nusu, mambo yamegeuka: saa 4 asubuhi ndipo maji yamejaa. Hesabu hii ni ya kukadiria, kwa hiyo ukifika uliza wavuvi. Jambo jingine: maji hayajai kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza huja polepole na kukudanganya. Saa ya 3 na ya 4 ndizo za mbio.

Kwa hiyo watoto wasivuke kwenda kwenye fungu la mchanga wala mwamba bila mtu mzima, hata maji yakiwa ya kidole. Wacheze ukingoni, mwisho magotini, na mzazi asimame upande wa bahari, asikae upande wa nchi kavu kama tulivyokaa sisi. Mpira wa kuelea wa kukodi si mlinzi. Wekeni zamu kama kiwandani: mtu mzima mmoja kwa watoto wawili, nusu saa, kisha anapokewa. Aliye zamuni hanywi bia, hata kama ni Krismasi.

Siku ya Krismasi na ya pili yake, pwani za watu wote hujaa hata mchanga hauonekani. Wavalisheni watoto fulana za rangi moja. Za chama zinafaa. Andika namba yako ya simu kwa kalamu ya wino mkononi mwa mtoto. Jua la saa 6 mchana kaeni kivulini, na maji ya kunywa yawe mengi kuliko soda. Viatu vya mpira vitawaokoa na miiba ya mwambani. Wanaoogopa kichocho watulie, konokono wake hukaa kwenye maji baridi ya maziwa na mito, si baharini. Malaria lakini ipo, chukueni vyandarua.

Mwisho ni fedha. Kabla ya kuchanga shilingi ya safari, tengeni ada ya shule ya muhula wa kwanza na posho ya Januari, mkamkabidhi mweka hazina wa kikundi asizitoe kwa mtu ye yote kabla ya kurudi. Na siku mnayonunua tiketi ya kwenda, nunueni na ya kurudi, mfike Jinja siku moja kabla ya ile mliyoandika kwenye barua ya likizo.