UFAFANUZI KWA WANANCHI: KWA NINI SUKARI YA DAMU HUSOMEKA TOFAUTI NYUMBANI NA HOSPITALI

Wananchi wenye maradhi ya kisukari, wakiwemo watumishi wa Serikali, wamekuwa wakiuliza mara kwa mara swali moja: imekuwaje mashine ya nyumbani ikatoa idadi moja, na maabara ya hospitali ikatoa nyengine, ilhali damu ni ya mtu mmoja na siku ni ile ile?

Swali hili si dogo. Wapo wanaohitimisha kuwa mashine yao ni mbovu, wakaiweka kabatini. Wapo wanaoamini kuwa hospitali ndiyo iliyokosea, wakaacha dawa. Na wapo wanaojiongezea insulini kwa kuifuata idadi iliyo kubwa zaidi. La kwanza ni hasara; la pili na la tatu huweza kugharimu maisha. Makala haya yanakusudia kueleza tofauti hizo zinatoka wapi, kiasi gani ni cha kawaida, na ni wakati gani mgonjwa anapaswa kuchukua hatua.

DAMU HAITOKI PAHALA PAMOJA

Mashine ya nyumbani hupima tone la damu ya ncha ya kidole. Damu hiyo hutoka katika mishipa myembamba, nayo bado imo njiani kuipeleka sukari kwenye viungo. Hospitali huchukua damu ya mshipa wa mkono, yaani damu inayorudi moyoni baada ya kukwisha kutoa sehemu ya sukari yake. Mtu akiwa hajala tangu usiku, tofauti baina ya damu hizi mbili ni ndogo mno. Lakini saa moja au mbili baada ya chakula, damu ya kidole huwa na sukari nyingi zaidi, na kwa baadhi ya watu ziada hiyo hufikia asilimia 20.

Aidha, maabara haipimi damu nzima. Huzitenga kwanza chembe za damu, kisha hupima sukari iliyomo katika maji ya damu yaitwayo plazma. Kiwango cha sukari katika plazma huzidi kile cha damu nzima kwa takriban asilimia 11. Mashine nyingi za sasa hulizingatia jambo hilo zenyewe na kuonyesha kiwango cha plazma. Baadhi ya mashine za zamani huonyesha kiwango cha damu nzima. Hivyo mashine ya aina hiyo huweza kuonyesha 7.2 pale ambapo maabara itasoma 8.0, na zote mbili zikawa sahihi.

MUDA NA JOTO

Sukari ya damu haitulii. Mtumishi aliyejipima nyumbani saa 12 asubuhi kabla ya kula, kisha akanywa chai na mandazi ofisini, akatolewa damu hospitalini saa 5, hakupimwa kitu kimoja mara mbili. Amepimwa hali mbili mbalimbali. Hata asiyekula kitu sukari yake hubadilika: ini humimina sukari katika damu wakati wa alfajiri, mwendo wa miguu huishusha, na wasiwasi huipandisha.

Lipo na jambo ambalo wengi hawalijui. Damu ikishatiwa katika kichupa, chembe zake huwa bado hai na huendelea kuitumia sukari iliyomo. Katika joto la kawaida la chumba hupungua kwa kadiri ya asilimia 5 hadi 7 kwa kila saa, na katika joto kali hupungua zaidi. Ndiyo maana hutumika vichupa vyenye dawa ya fluoridi, na ndiyo maana mafundi wa maabara husisitiza damu ifikishwe mapema. Hata hiyo fluoridi huchukua muda kabla ya kufanya kazi barabara. Damu yenye sukari ya 8.0 ikikaa saa mbili bila ya kutengwa wala kutiwa dawa huweza kusomeka karibu na 7.0. Hapo mashine ya nyumbani haikupandisha. Idadi ya maabara ndiyo iliyoshuka.

MAMBO YANAYOHARIBU KIPIMO CHA NYUMBANI

(a) Mikono. Aliyemenya embe au kushika tende, halua au asali hubakiwa na sukari kidoleni hata asipoiona, na mashine huihesabu kuwa ni ya damu. Mikono ioshwe kwa maji na sabuni, kisha ikaushwe vizuri, kwani maji nayo hulizimua tone la damu.

(b) Stripi. Stripi za kupimia huharibiwa na joto na unyevu, mambo ambayo visiwa vyetu havina upungufu nayo, khasa wakati wa masika. Zibakie katika kichupa chake, kifuniko kifungwe mara tu baada ya kutoa moja, wala zisiwekwe dirishani, ndani ya gari au katika friji. Tarehe ya mwisho wa matumizi isomwe, pamoja na muda ulioruhusiwa tangu kichupa kufunguliwa.

(c) Tone la damu. Kukikamua kidole kwa nguvu huchanganya damu na maji ya mwilini, na tone dogo lisilojaza stripi hutoa jibu lisiloaminika.

(d) Upungufu wa damu. Mtu mwenye upungufu wa damu huweza kupata kwenye mashine idadi iliyo juu kuliko hali yake halisi. Mama wajawazito na wagonjwa wa selimundu wamweleze daktari jambo hilo.

(e) Kizio cha hesabu. Hospitali zetu hutumia milimoli kwa lita. Mashine zinazoletwa na jamaa kutoka Marekani na baadhi ya nchi za Ghuba aghalabu huonyesha miligramu kwa desilita. Idadi ya aina hiyo igawanywe kwa 18: mashine inayoonyesha 142 inasema sawasawa na hospitali inayosema 7.9. Wapo waliotaharuki bila ya sababu kwa kutolijua hili.

TOFAUTI KIASI GANI NI YA KAWAIDA?

Kwa mujibu wa kigezo cha kimataifa cha mwaka 2013, ISO 15197, mashine inayokubalika lazima vipimo vyake 95 katika kila 100 visitofautiane na vya maabara kwa zaidi ya asilimia 15, pale sukari inapokuwa 5.6 au zaidi. Ikiwa chini ya hapo, tofauti isizidi takriban 0.8.

Tuchukue mfano. Maabara imesoma 7.9 na mashine 8.9. Tofauti ni 1.0, ambayo ni kiasi cha asilimia 13. Imo ndani ya mpaka, na haihitaji dawa kubadilishwa wala mashine kutupwa. Lakini ikiwa maabara imesoma 7.2 na mashine 11.4, tofauti inazidi asilimia 50. Hiyo haifai kupuuzwa. Lazima sababu itafutwe.

Ulinganisho wa haki hufanywa hivi: siku ya kliniki mgonjwa achukue mashine na stripi zake. Akiwa bado hajala, ajipime kidole ndani ya dakika chache za kutolewa damu ya maabara. Aandike idadi na saa, kisha majibu ya maabara yakitoka amwonyeshe daktari zote mbili. Kulinganisha idadi ya jana na ya leo hakuthibitishi kitu.

KILA KIPIMO NA KAZI YAKE

Kuthibitisha kuwa mtu ana kisukari ni kazi ya maabara. Sukari ya 7.0 au zaidi kwa mtu ambaye hakula usiku kucha ni dalili ya kisukari, na asiye na dalili za maradhi hupimwa tena kabla ya kuhukumiwa. Mashine ya nyumbani haikuwekwa kwa hukumu hiyo. Kazi yake ni kumwongoza mgonjwa siku hadi siku: chakula kipi kimempandisha, na dawa imefanya nini.

Kipo pia kipimo cha HbA1c, ambacho Shirika la Afya Duniani lilikikubali mwaka 2011 kutumika katika kuthibitisha maradhi haya, kuanzia asilimia 6.5. Hiki huonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu. Asilimia 7 hulingana na wastani wa sukari wa 8.6 hivi. Mgonjwa anayejipima asubuhi tu na kuona 6.5 kila siku asistaajabu HbA1c yake ikiwa juu. Huenda sukari hupanda baada ya chakula cha mchana na cha usiku, saa ambazo hakuzipima. Hata hivyo, kipimo hiki hakitegemewi kwa mwenye selimundu, mwenye upungufu mkubwa wa damu, au aliyeongezwa damu karibuni.

YASIYONGOJA MAJADILIANO

Mashine ikionyesha chini ya 3.9, mgonjwa asianze kutilia shaka chombo. Atibu kwanza: vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, asubiri dakika 15, kisha apime tena. Anayetoka jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa, naye hana njia ya kupima, afanye vivyo hivyo. Aliyepoteza fahamu asitiwe chochote kinywani. Alazwe ubavu na apelekwe hospitali bila ya kuchelewa. Kadhalika aende hospitali mwenye sukari iliyo juu sana pamoja na kutapika, kuhema kwa nguvu au kulegea.

Kwa wanaofunga mwezi wa Ramadhani, wataalamu wa kisukari hushauri saumu ikatizwe sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikizidi 16.6. Kujichoma kidole kwa ajili ya kupima hakubatilishi saumu, kwa kauli ya wanavyuoni wengi, hivyo pasiwe na anayeacha kupima kwa hofu hiyo.

Wananchi wanakumbushwa kuwa kipimo cha nyumbani na cha hospitali si mashahidi wawili wanaokanushana, bali kila kimoja kinaeleza sehemu yake. Dozi ya dawa au insulini isibadilishwe kwa sababu idadi mbili hazikulingana. Daftari la vipimo, likiwa na tarehe, saa na chakula kilicholiwa, lichukuliwe kila siku ya kliniki, na mwenye shaka amuulize daktari au muuguzi wake. Kuuliza si ujinga.