Simu ya Tapeli Inapoingia Nyumbani

Utapeli wa simu ni wizi ambao mwenye mali mwenyewe huukamilisha. Mwizi havunji mlango wala hagusi mfuko wa mtu. Huzungumza tu, hadi mwenye akaunti abonyeze tarakimu kwa kidole chake mwenyewe na pesa zihame. Kwa mtambo wa kampuni ya simu, muamala huo hauna kasoro yoyote: nambari ya siri ni sahihi, laini ni sahihi, amri imetekelezwa. Kinga ya wizi wa namna hii haiwezi kuachiwa mitambo. Inaanzia kwa mtu anayepokea simu na kwa watu wanaoishi naye.

Kenya ilipata wizi huu mapema kwa sababu ilipata pesa za simu mapema. Safaricom ilianzisha M-Pesa Machi 2007, na tangu 2023 akaunti moja inaweza kubeba hadi Sh500,000. Katika kaunti ya Isiolo, ambako kutoka Merti au Sericho hadi mjini ni safari ya kutwa kwenye barabara mbovu, simu ndiyo benki ya watu wengi. Kupitia simu hupokewa malipo ya mbuzi waliopelekwa kuchinjwa Kiamaiko, Nairobi, hulipwa karo ya mtoto aliye shule ya bweni Meru, na hutumwa akiba ya ndugu aliye kazini mbali. Matapeli wanaifahamu mizunguko hiyo yote, na hadithi zao huiga mambo ambayo familia inayatarajia.

Hadithi hubadilika, lakini muundo wake haubadiliki sana. Anayepiga hujipa cheo kwanza: mhudumu wa Safaricom, afisa wa benki, mwalimu, daktari, karani wa serikali ya kaunti. Kisha hutoa habari ya kushtua au ya kufurahisha, na papo hapo huweka muda mfupi, kwamba laini itafungwa baada ya dakika tano au nafasi ya kazi imebaki moja. Mwisho humwomba anayemsikiliza asikate simu na asimwambie mtu. Ombi hilo la mwisho ndilo alama kubwa kuliko zote. Mhudumu wa kweli hana anachopoteza mteja akikata simu, akashauriana na mwanawe, kisha akapiga mwenyewe baadaye. Tapeli hupoteza kila kitu.

Wengi hulegea anayepiga anapowaita kwa majina yao kamili. Hilo si ushahidi wa chochote. Mtu yeyote akiingiza nambari kana kwamba anatuma pesa, M-Pesa humwonyesha jina la mwenye laini kabla hajathibitisha. Akighairi hapo, amepata jina bila kulipa hata senti. Nambari za vitambulisho nazo zimezagaa kwa miaka mingi katika madaftari ya mawakala na ya walinzi wa malangoni, ambamo kila mteja aliyefuata aliweza kusoma waliomtangulia. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ilikuja kuzuia uzembe huo, lakini kilichokwisha kunakiliwa hakirudi.

Hadithi ya kwanza iliyoenea sana ni ile ya pesa zilizotumwa kimakosa. Ujumbe huingia ukisema mtu fulani ametuma elfu kadhaa, na kabla haujasomwa vizuri simu inalia: mama anayelia, mtoto yuko hospitalini, pesa zilikuwa za dawa, tafadhali zirudishe. Mara nyingi hakuna pesa iliyoingia. Ujumbe wa kweli huja kwa jina la MPESA, pamoja na jumbe nyingine za zamani za huduma hiyo. Ule bandia hutoka kwa nambari ya kawaida ya mtu, hata ukiandikwa kwa maneno yale yale. Njia ya uhakika ni kuangalia salio lenyewe kwa kubonyeza *334#.

Wakati mwingine pesa huwa zimeingia kweli, na hapo mtego ni mbaya zaidi. Mpokeaji mwema huzituma kwa nambari nyingine aliyopewa, kisha aliyezituma mwanzo huomba kampuni imrejeshee muamala ule wa kwanza, na mwema hubaki amelipa mara mbili. Jibu la haki ni moja: aliyekosea atume ujumbe wa muamala wake kwa 456, kampuni itashughulikia. Huo si ukatili. Mtu aliyekosea kweli hupata pesa zake kwa njia hiyo.

Hadithi ya pili ni ya mhudumu wa uongo, na hii ndiyo inayofilisi. Anayepiga husema usajili wa laini haujakamilika. Kisingizio hicho kilipata nguvu mwaka 2022, Mamlaka ya Mawasiliano ilipowataka Wakenya wote wahakikishe laini zao zimesajiliwa ipasavyo, na hakijaisha makali. Huuliza nambari ya kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa, watu waliotumiwa pesa karibuni, kisha nambari ya siri. Akishapata hayo anaweza kuihamishia laini kwenye kadi nyingine aliyo nayo mkononi. Simu ya mwenyewe hupoteza mtandao ghafla, na yeye hudhani ni mlingoti umezimika, jambo la kawaida sana Isiolo. Ndani ya muda huo mwizi huondoa salio, kisha hukopa kwa jina la mwenye laini kupitia huduma za mkopo za M-Shwari au Fuliza. Kwa hiyo hata akaunti tupu huacha deni.

Wengine humwelekeza mtu abonyeze msururu wa nyota na tarakimu, wakidai ni wa kuimarisha usalama. Msururu unaoanza na *21* huelekeza simu zote za mtu kwa nambari nyingine, na ule wa *33* huweza kuzuia laini isipige simu, hivi kwamba mwathiriwa hawezi hata kuomba msaada. Aliyebonyeza anaweza kufuta uelekezaji wote kwa ##002#. Safaricom imesema mara kwa mara kwamba huwapigia wateja kutoka 0722 000 000 pekee. Hata hivyo, kipimo bora zaidi kuliko nambari ni swali linaloulizwa: hakuna mhudumu, wakala wala afisa wa polisi anayehitaji kujua nambari ya siri ya mtu. Hata wakala wa kutoa pesa haihitaji. Mteja huiingiza mwenyewe kwenye simu yake.

Isiolo ina mitego yake ya pekee. Mji huu una kambi kubwa za jeshi, ikiwemo shule ya mafunzo ya askari wa miguu, na kijana wa Bula Pesa au Kambi Garba hukua akiona sare kila siku. Msimu wa usajili ukikaribia, simu huanza: kuna afisa aliye na barua ya kujiunga, inahitaji malipo kidogo. Familia huuza fahali. Usajili wa Jeshi la Ulinzi la Kenya hutangazwa hadharani, hufanyika uwanjani mbele ya watu, na haulipiwi. Vijana waliofika na barua bandia katika chuo cha makurutu Eldoret wamewahi kutiwa mbaroni papo hapo, wakapoteza pesa na uhuru kwa pamoja. Nafasi za kazi za nyumbani Uarabuni hutumiwa vivyo hivyo. Wakala wa kweli ana leseni ya Mamlaka ya Taifa ya Ajira, na leseni hiyo inaweza kuthibitishwa kabla ya kulipa chochote.

Mfugaji naye hukutana na mnunuzi asiyeonekana, anayekubali bei bila kubishana, anayetuma ujumbe wa malipo jioni na kuhimiza mifugo ipakiwe kabla giza halijaingia. Mtu anayenunua mbuzi bila kupatana bei inafaa kumtilia shaka hata kama hakuna simu. Mifugo isipande lori kabla salio halijaonekana. Na wazee waliotimiza miaka 70, wanaostahili Sh2,000 kwa mwezi za mpango wa Inua Jamii, hupigiwa wakiambiwa majina yao yamekwama na yanahitaji ada ndogo ya kukwamuliwa. Mpango huo hautozi ada ya aina hiyo.

Udhaifu mkubwa zaidi uko ndani ya nyumba yenyewe, na unahitaji kusemwa kwa upole. Katika familia nyingi za kaunti hii simu ya bibi au babu huendeshwa na mjukuu, au na mwenye duka aliye pia wakala. Nambari ya siri hutajwa kwa sauti mbele ya wateja, au imeandikwa kwenye karatasi iliyo ndani ya kifuniko cha simu. Mzee asiyesoma hana njia nyingine, na si kosa lake. Maonyo ya kampuni humfikia kama maandishi ya Kiswahili au Kiingereza, wakati yeye huongea Kiborana, Kisomali, Kiturkana au Kisamburu na hukumbuka anachosikia, si anachoandikiwa. Kwa mtu kama huyo onyo linalofaa ni la mdomo: barazani kwa chifu, baada ya swala ya Ijumaa, kanisani, na katika redio za mji zinazotangaza kwa lugha za nyumbani.

Kwa familia, kinachosaidia kuliko yote ni kumteua mtu mmoja anayeaminika, ajue nambari ya siri ya mzee peke yake, na kukubaliana kwamba ombi lolote la pesa linalokuja kwa simu lisubiri hadi wawili wazungumze. Simu ya mtoto aliyeanguka shuleni huthibitishwa kwa kumpigia mwalimu kwa nambari iliyohifadhiwa tangu zamani, si ile iliyotolewa na anayepiga. Familia nyingine zimechagua neno la siri linalojulikana na wanaohusika tu. Neno hilo lina manufaa zaidi sasa kwa kuwa kompyuta zinaweza kuiga sauti ya mtu baada ya kuisikia kwa muda mfupi.

Kukata simu bila kuaga huwawia vigumu watu waliolelewa kwa heshima, hasa wazee, na matapeli huitegemea heshima hiyo. Kijana anapaswa kumwambia nyanya yake waziwazi kwamba kumkatia simu mtu anayeuliza nambari ya siri si utovu wa adabu. Ni vyema pia kutobishana na tapeli wala kumtukana. Mazungumzo marefu humpa tapeli habari zaidi. Simu moja inayolia mara moja na kukatika, kutoka nchi ya mbali, haipigiwi tena, kwa sababu gharama yake huweza kuwa kubwa.

Pesa zikishaondoka, dakika ndizo zinazoamua. Ujumbe wa muamala utumwe mara moja kwa 456, kwa kuwa pesa ambazo hazijatolewa au kuhamishwa zinaweza kuzuiwa. Wateja wa Safaricom wapige 100 waeleze yaliyotokea, wakitumia simu ya jirani ikiwa laini imepoteza mtandao, na ujumbe wa utapeli uelekezwe kwa 333. Nambari ya siri ibadilishwe siku hiyo hiyo. Ujumbe wa tapeli usifutwe, hata kama unatia hasira kuuona, kwa sababu nambari, saa na maneno yake ni ushahidi.

Hatua inayofuata ni kituo cha polisi, kuandikisha tukio katika kitabu cha matukio na kupewa nambari ya OB, ambayo kampuni na benki huihitaji. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inaufanya wizi wa utambulisho na ulaghai wa namna hii kuwa makosa ya jinai. Kukamata si rahisi, kwani simu nyingi za aina hii zimehusishwa na watu walio mbali sana na Isiolo: wafungwa wa Gereza la Kamiti, na magenge ya Mulot, mpakani mwa Bomet na Narok. Hata hivyo wapelelezi huunganisha nambari moja na malalamiko mengi, na kila mwathiriwa anayenyamaza kwa aibu huacha kiungo kimoja kikikosekana. Waliotapeliwa ni pamoja na walimu, wafanyabiashara na maafisa wa serikali. Kumcheka aliyeibiwa humfanya afiche, na anayeficha huchelewa kupiga 100.

Siku chache baadaye inafaa mwathiriwa abonyeze *106# ili kuona laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Ikionekana nambari asiyoijua, aripoti ifungwe, kwa kuwa laini kama hiyo huweza kutumiwa kumpigia mtu mwingine kwa jina lake. Ili kuzuia laini isihamishwe tena na wakala yeyote, Safaricom imeweka *100*100#, na baada ya hapo mwenye laini ataibadilisha tu kwa kufika mwenyewe katika duka la kampuni akiwa na kitambulisho halisi.