KOMPYUTA INAPONA KARIAKOO, INAUGUA MBAGALA

Ni saa mbili za usiku huko Mbagala, katika Wilaya ya Temeke. Mama mmoja mwenye kibanda cha kupiga chapa na kutoa fotokopi anamalizia barua za maombi ya kazi za vijana watatu, ambazo hazina budi kutumwa kabla ya usiku wa manane. Mara kioo kinakuwa cheusi, mashine inazimika, kisha inajiwasha yenyewe kana kwamba hapakutokea jambo. Kazi ya saa nzima imepotea. Ajabu ni kwamba taa ya kibandani haikuzimika hata kidogo.

Kesho yake mama huyo anaipakata mashine ndani ya daladala hadi Kariakoo. Fundi anaiwasha saa tano za mchana, inanguruma vizuri, naye anaelezwa kuwa haina ugonjwa. Usiku inazimika tena. Safari ya tatu anashauriwa anunue nyingine, na fedha ya kununulia ni ile ile ya ada ya mtoto.

Ndugu msomaji, mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Leo mashine hizo, nyingi zikiwa zimekwisha kutumika ng'ambo, zinalisha familia kuanzia Manzese hadi Tandika. Yafaa basi tujue kinachozisumbua.

Ndani ya kompyuta ya mezani mna kisanduku cha bati chenye feni, ambacho mafundi hukiita pawa saplai. Hupokea umeme wa ukutani, ambao kwa kipimo cha nchi yetu ni volti 230, na kuugeuza kuwa umeme mdogo wa volti 12, volti 5 na volti 3.3. Viungo vyote vya mashine hula kutoka hapo.

Baadhi ya mafundi hukipima kwa kuunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha waya. Feni ikizunguka, husema ni kizima. Jaribio hilo linaonyesha tu kwamba kisanduku hakijafa. Ni kama kumpima mchukuzi wa bandarini kwa kumtazama amesimama bila gunia begani. Mzigo ndio unaosema kweli. Mashine ifanyishwe kazi nzito kwa muda wa nusu saa, huku fundi akiwa ameweka mita kwenye waya wa manjano na mweusi wa plagi isiyotumika. Volti 12 zisishuke chini ya 11.4 wala kuzidi 12.6, na kwenye waya mwekundu, volti 5 zibaki kati ya 4.75 na 5.25. Zikianza vizuri, kisha zikateremka kadiri joto linavyopanda, kisanduku kimechoka. (Zipo kompyuta za kampuni kubwa ambazo rangi za nyaya zake ni tofauti, hivyo fundi asikisie.)

Lakini hata jaribio hilo halitoshi likifanyika Kariakoo mchana. Nyumba iliyo mwisho wa laini ndefu, mbali na transfoma, hupata umeme uliopungua, hasa jioni na usiku wakati pasi, majiko na majokofu ya mtaa mzima yanapovuta kwa pamoja. Jambo hili si sawa na mgawo wa umeme tulioujua mwaka 2006 na 2011. Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kuzalisha mwaka 2024, laweza kujaa pomoni, na umeme bado ukafika umedhoofika mwisho wa waya mwembamba.

Hapo ndipo kibandiko kilicho ubavuni mwa kisanduku kinapokuwa na maana. Kilichoandikwa 100 hadi 240 huweza kuhimili ukuta ukishuka hadi volti 170. Kilichoandikwa 200 hadi 240 huzimika, au huvumilia kwa taabu tu. Vingine vya zamani vina swichi nyuma yenye 115 na 230. Mashine iliyotoka Marekani yaweza kuwa imewekwa 115, na ukiichomeka hivyo hapa kwetu, kisanduku huungua papo hapo.

Kuna jambo dogo ambalo wengi hulizoea: bati la kompyuta kutekenya mkono. Hiyo ni dalili kwamba waya wa ardhini haupo, au pini ya tatu ya plagi imekatwa. Mwite fundi wa umeme wa nyumba. Wala usikifungue kisanduku chenyewe, kwa maana ndani yake mna kapasita iwezayo kushikilia volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa waya.

Mama wa Mbagala hatimaye alimpata kijana wa mtaani mwenye mita, akaja kibandani saa mbili unusu za usiku. Ukuta ulionyesha 178. Kibandiko kilisema 200 hadi 240. Kisanduku kimebadilishwa kwa kilichotumika, chenye 100 hadi 240, baada ya kupimwa pale pale, saa ile ile, mashine ikichapa kurasa mfululizo.