Mbwa wa Ulinzi Shambani: Uzio Imara ni Haki ya Jirani

Sifa zote njema ni za Allaah, Rabb wa walimwengu. Rahma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam), ahli zake na Swahaba zake.

Familia nyingi za Unguja na Pemba zina mtoto, ndugu au mkwe aliyekwenda bara kwa kazi: mwalimu, muuguzi, mfanyabiashara, au aliyeoa huko akapata na shamba. Anayehamia Nambis, katika nyanda za juu za Mbulu mkoani Manyara, hukuta maisha tofauti na ya mitaani kwetu. Nyumba zimetawanyika vilimani, kila moja na shamba lake na zizi lake. Usiku ni wa baridi, na fisi hawako mbali. Majirani wanafuga ng'ombe, mbuzi na kondoo, na wengi wana mbwa wa kuwalinda. Hapo ndipo suala linapokuja: je, na sisi tuweke mbwa? Na tukimuweka, tufanye nini ili asiwadhuru watu wala asituharibie twahara ya nyumba?

Tunajibu masuala yote mawili, na tutakaa zaidi kwenye la pili, kwa sababu ndilo linalosahauliwa.

Hukumu kwa ufupi

Katika Hadiyth zilizopokewa na Al-Bukhaariy na Muslim, Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) ametahadharisha kuwa anayefuga mbwa bila haja hupungukiwa ujira wake kila siku. Wakaondolewa katika tahadhari hiyo mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda mazao. Ama mbwa wa kulinda nyumba, Imaam An-Nawawiy ameeleza kuwa kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu ya Shaafi'iy ni kujuzu, kwa kukisia na hao watatu, maadamu haja ipo. Kwa hiyo mwenye zizi Nambis ana ruhusa. Anayemuweka kwa fahari au mapambo hana. Na kwa kuwa madhehebu yetu hayajuzishi kumuuza wala kumnunua mbwa, mchukue kwa jirani anayekupa bure.

Lakini ruhusa hii haiondoi haki za wengine. Mafaqihi wametaja kuwa anayemuachia mbwa mkali naye anajua ukali wake, hubeba dhamana ya atakachokidhuru. Na msingi unaojulikana katika Dini yetu ni kuwa Muislamu hadhuru wala halipizi dhara kwa dhara. Mbwa anayekulinda wewe na kumtisha mtoto wa jirani anayekwenda kuchota maji, amehamisha hofu tu kutoka nyumba moja hadi nyingine. Uzio ndio unaoizuia hofu hiyo isivuke mpaka wako.

Kwa nini uzio na si mnyororo

Wengi humfunga mbwa kwenye mti kutwa nzima. Mbwa wa hivyo huzidi ukali, na siku mnyororo ukikatika hujui atamwanza nani. Fisi akija usiku, aliyefungwa hawezi kulinda wala kukimbia. Ndani ya uzio, mbwa huzunguka, hubweka na hupata kivuli chake.

Kuna faida kubwa kuliko hizo. Uzio humtenganisha mbwa wako na mbwa wanaozurura na wanyama wa porini, na hao ndio njia ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu, dalili zake zikishaanza kwa binadamu, takriban kila mara huishia kwenye kifo. Sisi watu wa visiwani tunaujua. Pemba iliutokomeza mwaka 2014 kwa kuchanja mbwa, ukarudi mwaka 2016 kutoka nje ya kisiwa, na ikabidi kazi ya chanjo ifanywe upya hadi ulipokatika tena mwaka 2018. Ikiwa bahari haikutosha kuuzuia, mpaka wa shamba lisilo na uzio utauzuiaje?

Kuchagua aina ya uzio

*Wigo wa mimea.* Minyaa na michongoma ni rahisi na hudumu miaka. Tatizo ni kuwa huacha mianya chini, na mbwa hupita palipo na mwanya wa kichwa chake. Pia utomvu wa mnyaa huunguza macho, basi watoto wasiuchezee. Wigo peke yake hautoshi. Uwe ni nyongeza ya wavu.

*Seng'enge.* Hii ni ya kuzuia ng'ombe. Mbwa hupenya kati ya nyuzi zake na hujijeruhi.

*Ukuta wa tofali.* Ni imara kuliko vyote, lakini gharama yake ni kubwa, na kwenye mteremko unahitaji msingi mzuri.

*Wavu wa chuma wa fensi.* Kwa wengi huu ndio unaofaa. Chagua waya mnene uliopakwa madini ya kuzuia kutu, wenye urefu wa futi 6 kwenda juu kwa mbwa mkubwa.

Mfano mzuri upo mkoani humo humo. Wilayani Simanjiro, shirika la Tanzania People & Wildlife limeshirikiana na wafugaji kujenga mazizi ya wavu wa chuma uliofungwa kwenye miti hai badala ya nguzo kavu. Mti hai mchwa haumwangushi kama nguzo iliyokufa, na kila mwaka unazidi kunenepa. Simanjiro ni kukavu kuliko Mbulu, basi usinakili mti wao. Waulize wazee wa Nambis ni mti gani kwao huchipua ukichomekwa kama kijiti.

Ama vile vifaa vya umeme vinavyovishwa shingoni vikamshtua mbwa anapofika mpakani, havifai hapa. Havimzuii fisi wala mbwa wa nje kuingia, na kumuumiza mnyama bila ya haja si katika mwenendo wetu.

Kabla ya kuchimba

Waite majirani na mwenyekiti wa kitongoji, mtembee mpaka kwa miguu. Hadiyth ya anayechukua shibiri moja ya ardhi ya mwenziwe kwa dhulma inajulikana. Usizibe njia ya watu kwenda kisimani wala ya mifugo kwenda malishoni, hata kama inapita karibu na nyumba yako.

Usizungushie shamba zima. Zungushia nyumba, zizi na nafasi ya mbwa. Uwanja wa mita 20 kwa 15 una mzunguko wa mita 70. Ukiweka nguzo kila baada ya mita 2.5 utahitaji nguzo 28, na moja ya ziada kwa ajili ya geti. Muulize muuzaji roli moja ya wavu ina mita ngapi kabla ya kufanya hesabu ya fedha.

Kusimamisha uzio

1. Piga kamba kutoka pembe hadi pembe, na chimba mashimo ya sentimita 60. Kazi hii ni nyepesi mvua za masika zikishapita, udongo ukiwa bado laini.

2. Anza na nguzo za pembeni na za geti. Hizi zimwagiwe zege, na kila moja iwekewe gogo la kuiegemeza kwa mshazari, kwa kuwa ndizo zinazobeba mvuto wote wa wavu. Ukitumia mikaratusi, iwe mikavu na iliyotiwa dawa ya mchwa.

3. Pitisha nyuzi tatu za waya mnene: juu, kati na chini. Kisha vuta wavu hadi ukaze na uufunge kwenye nyuzi hizo. Wavu uliolegea mbwa huupanda au huupindua.

4. Chini ndipo mbwa wengi wanapotorokea, na ndipo fisi anapoingilia. Ukunje wavu kuelekea ndani kiasi cha sentimita 40, uulaze juu ya ardhi na uufukie kwa udongo na mawe. Mbwa huanza kuchimba ukingoni, akikuta chuma huacha. Upande wa porini fanya hivyo na nje pia.

5. Kwenye mteremko usivute wavu juu ya bonde. Gawa vipande vifuate ardhi kama ngazi. Panapopita maji ya mvua weka mawe makubwa yenye nafasi ndogo, maji yapite na mbwa asipite.

6. Geti lifunguke kwa ndani, ili mbwa akilisukuma alibane badala ya kulifungua. Mwanya wa chini usizidi upana wa vidole vitatu. Weka komeo mtoto asiloweza kulifikia, na kufuli usiku.

Twahara ndani ya uwanja

Katika Suuratul-Kahf, aya ya 18, mbwa wa watu wa pangoni ametajwa akiwa kizingitini. Nasi tumuweke hivyo. Kata uwanja kwa uzio mdogo wa ndani: upande mmoja wa mbwa na zizi, upande mwingine wa jiko, tangi la maji, kamba ya nguo na mahali pa kuswalia. Mgeni naye afike mlangoni bila kukutana na mbwa.

Katika madhehebu yetu, chombo au nguo iliyoguswa na mate au umajimaji wa mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Akikugusa nawe na yeye nyote ni wakavu, hakuna najisi iliyohama. Mwekee chombo chake mwenyewe, na kisichanganywe na vya jikoni.

Haki ya mbwa na hadhari ya mwisho

Uliyemzungushia wavu hawezi tena kujitafutia. Maji, chakula na kivuli chake ni juu yako. Tunakumbuka kisa cha mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu.

Mpeleke kwa afisa mifugo wa kata achanjwe kichaa cha mbwa, na urudie kila mwaka. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe 28 Septemba, ni kumbukumbu nzuri ya kuangalia kadi yake. Na akiumwa mtu, hata kwa mkwaruzo mdogo, osheni jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha mwende hospitali siku hiyo hiyo. Msipake dawa za majani kwanza, na msingoje kuona kama mbwa ataugua. Ulizeni mapema, kabla ya haja, ni kituo gani Mbulu mjini au Haydom kina chanjo ya binadamu.

Kila mwezi zunguka uzio wako kwa miguu, na baada ya kila mvua kubwa pia. Shimo moja dogo linatosha kubatilisha kazi yote. Na jirani asiyekuwa Muislamu haki yake ya ujirani iko pale pale: akilala bila kuhofia mbwa wako, huenda hiyo ikawa da'wah iliyo wazi kuliko maneno yetu mengi.

Tunamuomba Allaah Azihifadhi familia zetu popote zilipo. Na Allaah Anajua zaidi.